Mabati ya Mama Yaliyonunua Hisa

"Kama hisa hizi zitaendelea kupanda, nani anakubali kutuuzia?" kaka aliniuliza kwa simu kutoka Marekani, alikohamishiwa kutoka kambi ya wakimbizi. Nikamwambia aache uoga.

Mimi hubishana hata na mchungaji. Barua pepe ya mtu nisiyemjua iliposifia kampuni ndogo ya madini, sikuiamini. Nilifuatilia bei mwenyewe kila siku. Ikapanda kweli! Ndipo nikamshawishi kaka anunue kwa pesa za mabati ya nyumba ya mama, kijijini Kitahana. Mama hatukumwambia.

Wiki iliyofuata kaka alipiga tena. Mama, akipukuchua mahindi, akataka niweke sauti kubwa amsikie mwanawe.

"Mdogo wangu, bei imeanguka. Hakuna anayezitaka. Mabati ndiyo basi tena."

Mama akaacha gunzi. "Mwana wanje, mwanangu, mabati yangu mmeyapeleka wapi?"

Mimi, mbishi wa chuo kikuu, nikachukua gunzi lake nikaendelea kupukuchua.

Baadaye sana nilijua kwamba aliyewatumia watu wengi barua pepe ile alikuwa amenunua hisa hizo mapema, kwa bei ya kutupa. Tulipozikimbilia, bei ikapanda, na yeye ndiye aliyekuwa akituuzia.