Sufuria ya Mukimo ya Mama Wanjiru

Tulikuwa sita chumbani siku hiyo, na nitawataja wote asije mtu kunilaumu. Mimi Nekesa, kifungua mimba, miaka kumi na saba. Wafula anayenifuata, kumi na miwili. Simiyu, kitinda mimba wetu, saba. Senje, dada yake marehemu baba, aliyetoka Bungoma na jogoo mzima ndani ya kikapu. Mama Wanjiru, jirani wa mlango wa pili. Na Wanjiru bintiye, aliyeingia na chapati zilizofungwa kwa taulo. Jogoo simhesabu, kwa sababu kufikia saa sita alikuwa tayari jikoni.

Mliolelewa mtaa wa Umoja miaka hiyo ya tisini mnakumbuka. Enzi zetu hukuhitaji kalenda kukwambia ni Krismasi. Tangu asubuhi mafuta ya chapati yalinukia ploti nzima, na mtoto aliyenunuliwa viatu vipya alipita mbele ya mlango wako mara nane bila kazi yoyote. Kadi tulizitundika kwenye uzi, na karatasi ya choo tuliisokota ikawa pambo la dari. Vijana wa leo wacheke tu, ilipendeza. Wavulana walizunguka wakila kila nyumba, jioni wakihesabiana chapati kama mabao ya mpira. Wafula alikuwa bingwa na hadi leo anadai rekodi yake haijavunjwa. Sahani zilitembea mlango hadi mlango zikiwa zimefunikwa, na hakuna aliyerudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Ukikosa kabisa, ulitia hata vitunguu viwili.

Kwetu, hata hivyo, Krismasi hiyo ilikuwa na jambo. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule kidato cha pili nikawa nasuka watu nywele hapo langoni. Simiyu alizaliwa na miguu isiyomtii, na ulimi vilevile. Kutafuna hakuweza, na chochote chepesi kama maji kilimpalia. Akili yake ilikuwa kali. Mzaha aliucheka kabla hujaumaliza. Majirani wapya wakimwita mgonjwa, mama aliwajibu bila hasira, “Mgonjwa hupona. Huyu ni Simiyu, na anakula polepole.” Dada mmoja wa kliniki alimfundisha mama, mama akanifundisha mimi: mketishe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, chakula laini na kizito kama uji ulioganda, na usiwe na haraka.

Sasa Pasaka ya mwaka huo, Wafula aliona ni dhuluma ndugu yake kukaa bila chapati. Akaloweka kipande kwenye chai, akamlisha mimi nikiwa langoni kwa mteja. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Simiyu alikabwa hadi akabadilika rangi, tukalala hospitali siku nne. Habari zikafika nyumbani Bungoma, na Senje akaandika barua fupi: “Nitakuja Krismasi. Nikirudi nitarudi na mtoto.”

Hakuwa mtu mbaya, Senje. Aliona msichana mdogo amebebeshwa mzigo. Lakini kule kijijini nani angejua habari ya kidevu na kijiko? Na nilikuwa nimemwahidi mama kwamba watatu tutabaki watatu.

Basi nikapanga hila. Simiyu nitamlisha mapema, kitandani nyuma ya pazia, Senje asimwone akidondosha mate na kukohoa. Wageni wakiketi, yeye atakuwa ameshiba na kulala. Nilikuwa nimeshika kijiko Mama Wanjiru alipochungulia kuomba chumvi.

“Nekesa, unamficha mtoto kwa shangazi yake?”

Nikajieleza, nikalia kidogo. Hakunibembeleza. Aliniuliza tu kama Simiyu anaweza kula mukimo. Nikamwambia akiweza kuondoa mahindi na maganda yote, ndiyo. Akaenda zake, na tangu hapo tukasikia mwiko ukigonga sufuria kule kwake kama fundi anayejenga.

Saa saba aliingia na sufuria kubwa ameikumbatia kwa kanga. Viazi, majani ya malenge na njegere alizozipitisha kwenye chujio, laini na kijani kibichi. Akaiweka katikati ya meza, akazisogeza chapati za bintiye pembeni, akatangaza kwamba leo kila mtu ataanza na kilichopondwa, na chapati zitangoja. Wafula alizitazama chapati kama mtu anayeagana na ndugu.

Senje aliuliza kwa upole ugali uko wapi.

“Shangazi, huku kwetu ugali ndio huu,” Mama Wanjiru akasema. “Ndio wanaolishwa bwana harusi na bibi harusi.”

“Na meno ya bwana harusi yana kazi gani?”

“Yanamngojea kuku wako.”

Wakacheka wote wawili, nami nikamtoa Simiyu nyuma ya pazia nikamketisha mezani, mito miwili mbavuni. Kuku wake nilikuwa nimemtwanga kwenye kinu kidogo na mchuzi mzito. Soda yake tuliifungua tangu juzi ili gesi iishe, Wafula akaiponda na ndizi mbivu. Ladha yake ilikuwa ya ajabu, ila Simiyu aliipenda, na soda bila Krismasi au Krismasi bila soda enzi hizo hatukuijua.

Kijiko cha nne, akapaliwa.

Senje aliinuka nusu. Sikumpiga Simiyu mgongoni, sikumpa maji. Nilimwinamisha mbele kidogo, nikaweka kiganja kifuani pake nikangoja. Akakohoa, akakohoa tena, akameza. Kisha akamtazama Senje aliyesimama vile na kijiko hewani, akaangua kicheko. Nikampa kijiko cha tano.

Senje aliketi. Alikula mukimo, na nikaona ameongeza. Ndipo alipofunua bakuli la kuku kutafuta firigisi.

Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Baba alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kuigusa, na wasichana ndio kabisa. Wafula alikuwa ameisubiri tangu jogoo afike, akajinyoosha kitini apate kuonekana mkubwa. Senje akapitisha mkono mbele yake na kuiweka kwenye sahani yangu.

“Lakini Senje, huyu ni msichana,” Wafula akasema.

“Nimeona. Kula, mwenye boma.”

Nilitafuna muda mrefu, na ladha siikumbuki hata kidogo. Senje alikaa wiki moja. Asubuhi ya kuondoka alinitaka nimwonyeshe tena namna ya kuinamisha kidevu, akajaribu mwenyewe. Alirudi na kikapu kitupu. Leso mpya aliyoileta ya kumbebea Simiyu aliiacha kitandani, imekunjwa.

Siku hizi Krismasi yangu ina meza kubwa. Vijana huja, na kila mmoja ana masharti. Huyu hali ngano, yule hataki vitunguu, na hakuna daktari aliyewakataza. Chakula kinapigwa picha hadi kinapoa. Majirani tunajuana kwa magari. Lakini simu siwezi kuilaani yote, maana Simiyu, mwanamume mzima sasa mwenye ndevu, huandika kwa kidole kimoja, na mwaka jana alimwandikia Wafula mbele ya wanawe: “Bado nakudai ile chapati.”

Mimi pia nina deni. Sufuria ile ilibaki kwangu. Niliiosha siku ileile, lakini ningeirudishaje tupu, na ndani yake nitie nini kinachotosha? Nikasema Januari. Nikasema nikipata. Mama Wanjiru akahamia mtaa wa Lucky Summer, na nilipofika huko niliambiwa wamehama tena. Kila Krismasi naponda mukimo wa Simiyu humo humo, bila mahindi. Imebonyea upande mmoja na kishikio chake kimoja kimelegea. Natafuta bado mlango wa kubisha, na siku nitakapoupata sitakwenda na vitunguu.