Jicho la Taa ya Barabarani

Juzi mwanangu alikuwa akichagua kihisi cha kigari chake cha roboti, kitakachotofautisha mstari mweusi na sakafu nyeupe. Nikakumbuka alasiri moja mjini Likasi, nyumba ikinuka mkaa. Baba alikuwa ameokota jicho la taa ya barabarani, lile linaloiwasha giza likiingia. Dada yangu Mado alikuwa na mtihani kesho yake, na umeme ulikuwa umekatika siku nyingi. Nikalifunika jicho lile kwa kitambaa kizito, nikakaa chini ya balbu ya sebuleni, nikisubiri iwake.

“Giza tuko nayo ya kutosha, mutoto,” Mado akasema. “Courant njo haiko.”

Mimi nilihitaji chuo kikuu ili nielewe hilo, kwamba kilichokosekana ni umeme, si giza. Yeye alibeba kiti nje, akasoma mpaka wino na karatasi vikawa rangi moja.