Hema Lisilogeuka

Juzi, katika baridi hii ya Julai, nilisimama kando ya ziwa dogo lililojificha milimani, mbele kidogo ya mji wa Kambove, nikachukua majivu kwa ncha za vidole na kuyaachia hewani. Kama ungekuwepo, rafiki yangu, ungedhani nimeingiwa na ushirikina wa utu uzima. Sivyo. Nilikuwa nikiuliza upepo unatoka wapi, kama baba alivyouuliza kila jioni nilipokuwa mtoto.

Nyumbani kwetu kulikuwa Kampemba, mtaa wa mji wa viwanda, na baba alikuwa seremala. Kila mwaka baridi ilipoingia na nyasi kukauka, likizo yake yote tuliimalizia ziwani. Jirani mwenye lori la makaa alitupakia juu ya magunia matupu: wazazi wangu, ndugu zangu wawili wa kiume, mimi, na nkambo wetu, yaani mama mzaa baba. Mtaani walitucheka sana. Walisema mtu mwenye nyumba ya matofali anayekwenda kulala chini ya kitambaa anawatania wakimbizi. Baba alicheka pamoja nao, huku akiendelea kukaza kamba za mizigo.

Hema lilikuwa turubai zito la kijani, alilolishona mwenyewe. Halikuwa na sakafu, na likilowa umande lilitoa harufu ya mafuta ya taa na ya majani yaliyokanyagwa. Alfajiri mvuke uliketi juu ya maji kama maziwa yanayotaka kuchemka. Nkambo alitangulia kuamka. Tulimsikia akiipuliza mbabula, jiko lake la makaa, kisha akifukia viazi vitamu majivuni. Mimi nilichota maji na kusugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikafa ganzi. Mchana tulikula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo, au kwa visamaki vya ziwani vilivyokaushwa motoni hadi mifupa ikatafunika kama bisi. Maji yale tuliyanywa hivyohivyo, kwa kiganja.

Mama peke yake hakupewa kazi. Mjini hakujua kuketi. Kule alilala mkekani mchana kutwa, kichwa kikielekea mlango wa hema, na hakuna aliyemwita mvivu.

Jioni ndipo ulipofika mchezo wetu. Baba alichukua majivu ya nkambo, akayaachia, akayatazama yanakokimbilia. Kisha alitupa ishara. Tuling'oa vigingi, kila mmoja akashika nguzo yake, nasi tukalizungusha hema zima taratibu, mpaka mlango ukatazama kule upepo ulikotoka, upande wa maji. Mama hakuinuka mkekani. Turubai lilimpita juu kama wingu, naye akicheka chini yake, akitutania sisi wanawe kwa sauti ya mkwaruzo:

“Sultani haamukake, bana bangu. Ni nyumba ndiyo inamuzunguka.”

Tulicheka hadi nguzo zikatuponyoka. Baba hakucheka. Alisimama kimya nje ya turubai, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza mlio mdogo ndani ya ukuta. Nilidhani anakagua kamba.

Mwaka uliofuata hatukwenda. Mama alizikwa kabla ya baridi. Siku za kilio, nikiwa nimelala mapajani mwa nkambo, niliuliza nani sasa atakuwa sultani wetu kule ziwani. Nkambo aliniambia polepole kwamba kule hakukuwa kustarehe. Moshi wa viwanda na vumbi la mji vilikuwa vimekiharibu kifua cha mama, na mganga wa zahanati hakuwa na dawa nyingine ila hewa. Baba alikuwa akimtafutia pumzi. Kile alichokisikiliza nje ya turubai kilikuwa kikohozi.

Ndiyo maana, daktari aliponiambia mwezi uliopita kwamba binti yangu wa mwisho amekwisha kupewa kila dawa waliyokuwa nayo, na kwamba nimpeleke penye hewa safi, sikuuliza wapi. Nilijua pahali pamoja tu duniani.

Uwanja wetu wa ziwani sasa una mahema meupe ya kukodi, makubwa kuliko chumba changu cha mjini, mtaa wa Makomeno. Ndani mna kitanda cha mbao nzito, zulia, kioo cha kujitazamia, na bafu lenye maji ya moto. Chupa za maji zimepangwa mezani, na kibao kinawaomba wageni wasiogelee. Mlima wa ng'ambo, ambako nkambo alifuata kuni, umekatwa ngazi ngazi na mgodi, mwekundu kama nyama buchani. Mlango wa hema letu uliutazama moja kwa moja, na vumbi lake liliingia pamoja na upepo. Binti yangu alikohoa tangu tulipofika.

Ndipo nilipochukua majivu pale wapishi walipokuwa wakichoma nyama. Yalinirudia usoni. Nikamwendea kijana wa mapokezi, nikamwomba watusaidie kuugeuza mlango. Hakunidharau, alinitazama kama mtu anavyomtazama mama yake.

“Mama, hii tente iko mu siment,” alisema, akionyesha saruji chini ya nguzo. “Haigeukake.”

Nilirudi, nikamsimulia binti yangu habari za turubai la kijani na sultani wa mkekani. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akatabasamu.

“Basi mwaka huu sultani ataamka, mama,” alisema.

Akaamka. Alijifunga blanketi, akanishika bega, tukalizunguka hema lile hatua kwa hatua, tukipumzika kila alipokosa pumzi, hadi nyuma yake, ambako zamani ulikuwa msitu. Sasa kuna barabara ya malori ya mgodi. Lori moja lilipita, kisha jingine, na wingu la vumbi likatufunika sote wawili.

Wengi huniambia kilichotoweka ni maji, msitu, ukimya. Ni kweli, navyo vimetoweka. Lakini mimi ninamwonea baba wivu. Katika umaskini wake wa kamba na vigingi, akijua alichokijua, bado alikuwa na upande wa kugeukia.

Binti yangu aliniuliza turudi ndani au tuendelee kuzunguka. Nilimfunika pua kwa ncha ya blanketi, nikanyoosha vidole vyenye majivu, nikautafuta upepo tena.