Moja kwa Nne

Juzi dukani Kibiti niliona chupa ya juisi nzito ya machungwa, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini Bungu. Tulikuwa tumehamia kutoka Mohoro na sikuwa na rafiki hata mmoja. Baba akaleta chupa kama ile kutoka Dar.

"Waite wenzio mnywe," mama alisema akielekea kisimani. "Ila uchanganye na maji, moja kwa nne."

Mimi nikaelewa kwamba chupa moja ni ya watu wanne. Watoto kumi walipojaa uani, wakinusa harufu ya machungwa, nikachagua watatu. "Nyie wengine rudini kwenu, haitoshi." Wakaondoka.

Tukainywa vilevile, bila maji. Ilikwangua koo, tukakohoa. "Dawa gani hii?" Mwanahawa, mmoja wa wale watatu, akauliza, akatema, akatoka na wenziwe.

Leo najua kila kikombe kilitaka vinne vya maji, na wote kumi wangekunywa wakasaza. Siku ile nilisimama peke yangu, nikiwasikia nyuma ya ua wakicheza rede, wale saba na wale watatu pamoja.

Mama alirudi na ndoo kichwani. "Wenzio wako wapi?"

Nikamwambia wameshiba.