Mbwa Aliyeitikia Tarumbeta

Asubuhi moja, enzi za Zaire, nilikuwa ofisi ya serikali ya zoni hapa Bukavu nikingoja karatasi yangu ipigwe muhuri. Mbele yangu mama mmoja aliinamia meza ya karani.

"Sitwayen," alisema, kama tulivyoitana wananchi siku zile, "imbwa ya jirani iko inaita kifo. Bwana yangu iko mugonjwa. Mutume watu waiue."

Karani alishika kalamu. "Inaliaka saa gani?"

"Kila asubuhi, saa moja na nusu. Haikosi."

Karani akatazama saa ya ukutani, akaiweka kalamu chini. Nje, tarumbeta ya kupandisha bendera ikalia. Sote tukasimama wima, mikono ubavuni. Kutoka mtaa wa pili mbwa akalia kwa sauti ndefu.

"Ni ile!" mama akanong'ona bila kugeuza shingo.

Tarumbeta ikanyamaza. Mbwa naye akanyamaza.

"Maman," karani akasema, "inawaza ni mwenzake anaiita kwa ile tarumbeta, basi inajibu. Dawa ya bwana yako iko hospitali."

"Kumbe! Ile tarumbeta mimi hata siisikiaka tena."

Mbwa akapona. Nami nikatoka na karatasi yangu yenye muhuri nikiwaza: kati yetu sote tulioitikia tarumbeta asubuhi ile, ni mbwa peke yake aliyetafutiwa sababu.