Mkia Uliingia Kwenye Mahindi

Mimi nina ugonjwa mmoja: swali likishaniingia kichwani halitoki. Kwa hiyo siku ile mwanafunzi wangu alipouliza, "Mwalimu, kwani nyangumi ana ukubwa gani hasa?" nilijua Ijumaa yangu imekwisha.

Nafundisha jiografia hapa Songea, na mimi ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Muhula ule tulikuwa tunaandika barua. Vijana wa nchi mbalimbali walikuwa wanakusanya barua za kupeleka kwenye mkutano wa mataifa, kudai uwindaji wa nyangumi kwa ajili ya biashara ukomeshwe, na sisi tukasema hatubaki nyuma. Ofisini walimu wenzangu walinicheka mpaka basi. "Bahari yenyewe umeiona wapi?" Kweli sijaiona. Maji makubwa niliyowahi kuoga ni ya Ziwa Nyasa, tena kwa woga, khanga nimeishikilia kiunoni. Lakini ndiyo maana nilitaka kujua.

Kitabu kilisema aina kubwa kuliko zote huweza kufika mita thelathini. Darasa likaitikia "aaah" ya adabu, ile ya mtu ambaye hajaelewa kitu. Nikasema basi, twendeni nje tukampime.

Tulichukua kamba ya katani, vigingi, na majivu ya jikoni ya kuchorea. Kichwa kikakaa kwenye tanki la maji, tumbo likapita nyuma ya madarasa, na mkia, maskini, ukavuka mpaka wa shule ukaingia kwenye mahindi ya jirani. Tungeweza kumgeuza. Mimi na kichwa changu kigumu nikasema, aah, vigingi vinne tu, vitaharibu nini? Kisha tukavipaka rangi nyekundu ili vionekane vizuri. Mtu yeyote wa huku akisikia hivyo anashika kichwa. Mimi sikushika.

Jumatatu asubuhi nilikuta mahindi yote ya upande ule yamelala chini, yamekatwa kwa panga. Kwa kuchoma yalifaa, kwa kuchemsha yalifaa. Ila kwa unga, ule wa kula mpaka msimu ujao, yalikuwa bado kabisa. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya lundo, panga magotini. Ni bibi mjane anayelea wajukuu wawili, na shamba lake ni hilo hilo.

"Shikamoo, bibi."

Jamani, kunyimwa marahaba kunauma kuliko kofi.

"Mnataka kujenga nini?" akauliza.

"Hatujengi kitu, bibi."

"Mwalimu, usinifanye mtoto mdogo. Vigingi vyekundu nimeviona. Kule Madaba, kwa marehemu mume wangu, walikuja watu wa barabara wakapigilia kama hivi hivi. Nikasema ngoja mahindi yakauke kwanza. Greda halikungoja. Safari hii nikaona bora nile mabichi kuliko kukosa yote. Jumamosi nimemuuliza mlinzi wenu, akasema mmepima wewe na wanafunzi."

"Tulikuwa tunampima nyangumi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanitia aibu.

"Nani?"

"Nyangumi, bibi. Mnyama wa baharini. Yule tunayesema alimmeza Yona."

Alinitazama, nikajua kofi la kweli linakuja. Halafu macho yake yakahamia kwenye mstari wa majivu, yakaufuata mpaka kwenye tanki. Akainuka. Akatembea kutoka mkiani mpaka kichwani, panga mkononi, akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Mwanafunzi mmoja nyuma yangu alitaka kucheka, nikamkata jicho.

"Loo! Ndiye mtu mmoja huyu?" akauliza aliporudi. "Anataga?"

"Anazaa, bibi. Na ananyonyesha."

"Humo humo majini? Mtoto hapaliwi?"

Sikujua! Miaka yote hii nafundisha na sijawahi kujiuliza. Nilimwambia sijui, nitatafuta.

"Na wanamuua kwa nini?"

"Nyama. Zamani mafuta pia. Wanauza."

"Wenye bahari waliulizwa?"

"Bahari ni ya wote, bibi. Ndiyo tunayoandika kwenye barua. Kwamba hawakutuuliza."

Maneno yalipokwisha kunitoka ndipo nikayasikia. Bibi naye hakuyaacha yapite.

"Hawakuwauliza," akarudia taratibu, akiyaangalia mahindi yake. Kisha, baada ya muda wote ule, akasema, "Marahaba."

Niliomba msamaha mbele ya wanafunzi wangu, na sikuona raha hata kidogo. Tuling'oa vigingi siku ile ile. Wanafunzi wakaleta mahindi makavu kutoka kwao, huyu sahani, yule kisado, na klabu ikaahidi kumlimia msimu ujao. Bado hayakufikia yale aliyokuwa avune, na sote tulijua.

Barua tuliichana tukaanza upya. Safari hii tuliweka aya moja ngeni: sisi tunaoandika tulimharibia jirani yetu chakula cha mwaka kwa kutomuuliza, kwa hiyo tunajua tunachokisema.

Ijumaa nilimpelekea bibi barua nyumbani, na jibu la swali lake pia: mama humrushia mtoto maziwa mdomoni, mazito mno hata hayasambai upesi majini. "Kumbe!" akasema, akapiga makofi kwa furaha. Akaniambia nimsomee barua yote. Nikamaliza, nikampa kalamu asaini wa kwanza, kabla yangu.

Karatasi ya sahihi ilikuwa na nafasi ya jina, ya kazi, na ya sahihi. Kwenye kazi nilitegemea aandike mkulima. Aliinama, akaandika polepole kwa herufi kubwa: MWENYE MAHINDI.

Sikumsahihisha.