Lita Mia Mbili za Kisimani

Mume wangu ni fundi bomba. Hata ukimwamsha usingizini ukamwuliza uzito wa maji, atakujibu: lita moja, kilo moja. Ndiyo maana sijui shetani gani alimpitia asubuhi ile alipochukua mpira akajaza tangi la tela mpaka likafurika. Lita mia mbili za kisima cha kwao.

Dada yake aliolewa ng'ambo ya mlima miaka kumi na tisa iliyopita. Kila akipiga simu humalizia kwa neno lile lile: "Mdogo wangu, nina hamu na maji ya kisima chetu." Na mdogo mtu kila mwaka huahidi kwenda. Safari hii wifi hakutaja maji. Alisema macho yanamwisha, daktari amempa miezi michache tu ya kuona. Mume wangu akaenda kukaa uani peke yake. Kwa kuwa wifi ana chumba kimoja, wiki iliyofuata mume wangu alinunua tela kuukuu la kulala, lenye kitanda, jiko na tangi la maji, tukalifunga nyuma ya gari letu.

Bondeni gari lilivuta vizuri. Tulipozidi kupanda mlima, hewa ikawa nyepesi na injini ikakosa pumzi. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Sindano ya joto ikapanda. Malori ya mchanga yakatupita.

"Kawia ufike," alijitetea.

"Kwa mwendo huu tutakawia na hatutafika. Eti fundi, lita mia mbili ni kilo ngapi?"

Alisimamisha gari pembeni, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akachuchumaa kwenye koki ya tangi. Akaishika tu.

"Ahadi ni deni," alisema. "Nitamwambia nini dada?"

"Macho yake hayangoji. Fungua."

Nilisema kwa ukali, lakini roho iliniuma. Akafungua. Maji yakateremka barabarani kurudi tulikotoka, naye akayatazama huku machozi yakimtoka. Tulijaribu kwenda na nusu tangi. Kona mbili tu, sindano ikapanda tena. Nusu iliyobaki, rejeta ilikunywa ndoo nzima na mengine akayamwaga mwenyewe bila kuambiwa. Ilibaki birika moja, nikalipakata. Mteremko wa upande wa pili alishuka kwa gia nzito, breki akizigusa kidogo kidogo, maana tela lilikuwa linatusukuma.

Tulifika jioni. Wifi alikuwa mlangoni, amesikia muungurumo. Alimpapasa mdogo wake mabega, kisha uso.

"Umekonda."

"Nimekuletea maji, dada. Yalikuwa mengi."

Akamimina kikombe. Wifi alikunywa taratibu, nasi tumemkodolea macho kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Matamu," alisema. "Lakini nisiwadanganye, ladha yake nilishaisahau."

Mume wangu akainama. Nilitaka kumtetea, nieleze habari za mlima na koki, lakini wifi alikuwa ameshaweka kikombe chini na kumshika mkono.

"Njoo huku nje, mdogo wangu," alisema. "Jua bado lipo kidogo. Nataka nikuone."